Je, mkulima wa Murray aliibiwa redio? Jibu kwa dada wa fundi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina mdogo wangu wa kiume, fundi wa simu na redio. Tangu mwaka jana ametengeneza kifaa kinachopeleka sauti kutoka nyumba kubwa hadi banda la kuku, hatua kama 40, bila waya, bila laini na bila bando. Koili amezisuka kwa waya wa shaba alioutoa kwenye mota za feni zilizoungua. Nimesikia kwa masikio yangu, inaongea. Tatizo amesikia habari za mkulima wa Marekani aitwaye Nathan Stubblefield, kwamba ndiye aliyegundua redio na simu ya mkononi, Marconi na matajiri wakamwibia, akafa njaa. Sasa mdogo wangu amefunga chumba kwa kufuli mbili, haonyeshi mtu, ameacha kupokea kazi za wateja, na chakula anakula peke yake humo ndani. Anasema akipata waya wa kutosha, sauti itafika kijiji cha pili, kilomita 3. Je, ni kweli yule mzee aliibiwa? Na huyu wetu tumwache aendelee kuficha?"

Marahaba, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ndani yake naona maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Moja ni la historia: yule mzee aliibiwa au hakuibiwa? La pili ndilo linalokunyima usingizi: mdogo wako anaelekea wapi? Naanza na la kwanza, kwa sababu kufuli zile mbili amezifunga kwa ajili ya hadithi hiyo, na hadithi yenyewe amepewa nusu.

Nathan Beverly Stubblefield alizaliwa mwaka 1860 katika mji mdogo wa Murray, jimbo la Kentucky. Alikuwa mkulima wa matikiti na mboga, na mambo ya umeme alijifunza mwenyewe kwa kusoma majarida. Asikudanganye mtu kwamba alikuwa mbabaishaji. Mwaka 1888 yeye na mwenzake Samuel Holcomb walipata hataza (hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi) ya simu isiyotumia umeme kabisa, ambayo sauti husafiri kwa mtikisiko wa waya uliokazwa. Ni ndugu wa ile simu ya makopo na uzi tuliyochezea utotoni, ila yao ilitengenezwa kwa ufundi na watu wa Murray waliinunua. Mwaka 1898 akapata hataza nyingine, ya betri: waya wa chuma na waya wa shaba zimesukwa pamoja kama koili, unazifukia kwenye udongo wenye unyevu, nazo zinatoa umeme kidogo. Mkulima aliyekuwa akiitazama ardhi kwa jicho la namna hiyo, si ajabu kwamba aliitumia ardhi hiyohiyo kupitisha sauti.

Na sauti ilipita kweli. Tarehe 1 Januari 1902, kwenye uwanja wa mahakama ya Murray, watu wapatao 1,000 walikusanyika kumsikiliza yeye na kijana wake Bernard, aliyekuwa akipiga kinanda cha mdomo, wakati vipokezi vimewekwa sehemu mbalimbali za mji. Mwezi huohuo mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch alifika shambani. Alipewa vyuma viwili na kisanduku chenye kisikilizio, akaambiwa aende atakako. Alitembea umbali wa karibu maili moja, akavichomeka vile vyuma ardhini mahali alipochagua mwenyewe, akaweka kisikilizio sikioni, akasikia. Machi 20 mwaka huo Stubblefield alifika Washington na kuzungumza kutoka meli ya Bartholdi iliyokuwa kwenye mto Potomac, nyaya zimeshushwa majini, na watu wa ufukweni wakamsikia. Mwisho wa Mei akafanya hivyo Philadelphia.

Kwa hiyo mdogo wako yuko sahihi kwamba mtu huyu aliishi, na kwamba kifaa chake kilifanya kazi. Panapopotea njia ni pale panaposemwa kwamba kifaa hicho kilikuwa redio.

Hapa naomba unifuate taratibu, kwa maana jambo hili ndilo litakaloamua na hatima ya koili za mdogo wako.

Mtambo wa 1902 ulikuwa hivi. Unachukua betri, unaiunga na kipaza sauti cha simu, na ncha mbili za sakiti yako unazichomeka ardhini mbalimbali. Ukizungumza, umeme unaopita udongoni unapanda na kushuka sawasawa na sauti yako. Udongo wenye maji unapitisha umeme, lakini umeme huo haufuati mstari mmoja. Unatawanyika pande zote, kama maji yanavyotawanyika ukimwaga ndoo uwanjani. Mtu mwingine akichomeka vyuma vyake viwili mahali fulani, sehemu ndogo ya umeme ule inapitia kwenye kisikilizio chake. Ndiyo sauti aliyoisikia yule mwandishi.

Ubaya wa njia hii ni jinsi inavyochoka. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya kinachofika haibaki nusu, wala robo. Inabaki sehemu moja ya nane. Umbali ukizidi mara kumi, inabaki sehemu moja ya elfu. Wanaosoma fizikia wanasema inapungua kwa mchemraba wa umbali. Koili mbili zinazosemeshana kwa uga wa sumaku (eneo la nguvu ya sumaku linaloizunguka koili), kama za mdogo wako, zinafuata kanuni hiyohiyo. Mawimbi ya redio hayafanyi hivyo. Yanaachana na antena na kusafiri yenyewe, na umbali ukizidi mara kumi nguvu ya uga wake inapungua mara kumi tu. Mara elfu huku, mara kumi kule: tofauti hiyo ndiyo iliyomkwamisha Stubblefield, na hapakuhitajika mwizi.

Utauliza, kwa nini umeme wa sauti yenyewe usiachane na waya ukawa mawimbi? Kwa sababu sauti ya mtu ni mtikisiko wa polepole mno. Chukua mlio wa mitikisiko 1,000 kwa sekunde. Wimbi la umeme la kasi hiyo lina urefu wa kilomita 300, na antena ya kulirusha vizuri ingetakiwa iwe na robo ya urefu huo, yaani kilomita 75. Hakuna shamba la matikiti la namna hiyo. Dawa yake ni kuibebesha sauti kwenye wimbi la kasi kubwa zaidi, kama mtoto anavyobebwa mgongoni, kisha kipokezi kimshushe. Stubblefield hakuwahi kufika hapo.

New York ndiko alikoumia, mwezi Juni 1902. Huko ardhi ni mwamba, na jiji tayari lilikuwa na umeme uliovuja ardhini kila upande. Majaribio hayakwenda. Hili la kelele za jiji mnaweza kulisikia wenyewe nyumbani. Mwambie mdogo wako akiwasha kipokezi chake asogeze koili karibu na ukuta unaopitisha nyaya za umeme. Atasikia mvumo mzito, kama nyuki ndani ya mzinga. Huo ni umeme wa nyumbani unaobadilika mara 50 kwa sekunde, unaingia kwenye koili bila kubisha hodi. Kwa kuwa mtambo wa aina hii hauna masafa ya kuchagua, hauwezi kumwambia huyu aingie na yule abaki nje. Watu wawili wakiutumia mtaa mmoja, wanasikilizana wote.

Sasa tufike kwenye wizi. Mwezi Mei 1902 ilisajiliwa kampuni iliyoitwa Wireless Telephone Company of America, ikisimamiwa na promota Gerald Fennell, na Stubblefield akawapa haki za uvumbuzi wake ili alipwe kwa hisa. Muda mfupi baadaye aliona wenzake wanashughulika zaidi na kuuza hisa kuliko kuboresha mtambo, akawashutumu kwa udanganyifu na kujitoa mwezi Juni. Nadhani hakukosea kuwashuku. Archie Frederick Collins, aliyekuwa mtaalamu wa kampuni hiyo, alihukumiwa mwaka 1913 kwa udanganyifu wa kuuza hisa kupitia posta, katika kampuni nyingine ya simu zisizo na waya. Kwa hiyo hasira ya mzee ilikuwa na msingi. Lakini angalia nini hasa kilikuwa mikononi mwa watu hao: jina lake, sifa zake na karatasi za hisa. Redio haikuwamo, kwa sababu hakuwa nayo.

Marconi, yule Mwitaliano anayesifiwa kwa redio, naye tumpe haki yake. Hataza yake ya kwanza aliiomba Uingereza mwaka 1896, na Desemba 1901 alitangaza kwamba amepokea Newfoundland nukta tatu zilizorushwa kutoka Cornwall, Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki. Hiyo ilikuwa simu ya maandishi, nukta na mistari, kwa mawimbi halisi ya redio. Haikuhitaji chochote kutoka Murray. Tena kama tunatafuta wa kwanza kabisa kupitisha sauti bila waya, Alexander Graham Bell na msaidizi wake Tainter waliisafirisha sauti juu ya mwanga wa jua mwaka 1880, zaidi ya mita 200. Kuna wanaosema Stubblefield alizungumza bila waya tangu 1892, na shahidi wao mkuu ni Rainey T. Wells, mtu wa Murray aliyeheshimika, lakini ushahidi huo aliutoa miaka mingi baadaye. Mimi simwiti mwongo. Nasema tu kwamba hata kama ni kweli tupu, kilichosikika siku hiyo hakikuwa redio.

Aliyeibebesha sauti kwenye mawimbi ya redio ni Reginald Fessenden, mzaliwa wa Quebec, Kanada. Tarehe 23 Desemba 1900, kwenye kisiwa cha Cobb, mto uleule wa Potomac, alimuuliza msaidizi wake Thiessen, aliyekuwa umbali wa kama kilomita 1.6, iwapo theluji inaanguka huko alipo. Thiessen akasikia. Sauti ilikuwa na mikwaruzo mingi, kwa sababu mtambo ulitumia cheche, na cheche ni kama mapigo ya ngoma: dundo, kimya, dundo. Fessenden akaelewa kwamba anahitaji kitu kama zumari, mlio usiokatika, ili sauti ipate pa kukaa. Alihangaika miaka sita. Wahandisi wa kampuni ya General Electric walimtengenezea mashine ya kuzalisha umeme wa kasi kubwa, na Desemba 1906 alionyesha simu isiyo na waya kati ya Brant Rock na Plymouth, Massachusetts, kama kilomita 18.

Namtaja Fessenden kwa sababu moja. Naye alikuwa mgumu, aligombana na wafadhili wake, akafukuzwa mwaka 1911, akakaa na kesi mahakamani hadi zikamalizwa kwa malipo mwaka 1928. Alidhulumiwa kweli. Ila muda wote alifanya kazi na watu, akachapisha alichokipata, wakambishia, akarekebisha. Stubblefield hakuwapenda watu karibu na mitambo yake. Alilinda shamba lake, na kati ya wachache walioona kila kitu alikuwa mwanawe. Katika mduara huo hapakuwa na hata mmoja wa kumwambia: "Mzee, njia hii inachoka kwa mchemraba, tazama hesabu."

Baada ya New York alirudi nyumbani na kuacha ardhi, akahamia kwenye koili. Kwa msaada wa watu wa Murray alipata hataza namba 887,357, Mei 12, 1908. Humo kuna nyaya ndefu zilizotandazwa kando ya barabara, reli au mto, na koili kubwa iliyofungwa kwenye gari au chombo kinachopita, ili abiria azungumze akiwa safarini. Ndiyo sababu wengine wanamwita baba wa simu ya mkononi. Mchoro ni mzuri, nakiri nimeutazama kwa furaha. Lakini ilikubidi uwe karibu na waya. Ukiiacha barabara, sauti nayo inakuacha. Haikumletea fedha. Hataza ya miaka 17 ilimalizika 1925, wakati redio za kweli zilikuwa zinaingia majumbani mwa majirani zake.

Mwisho wake ni mgumu kuusimulia. Mke na watoto waliondoka, shamba likapotea, akaishi peke yake kwenye kibanda karibu na Almo, akiendelea na majaribio ambayo hakumwonyesha mtu. Machi 1928 walimkuta amekufa ndani, na iliandikwa kwamba ni njaa. Alikuwa na miaka 67. Majirani walikuwapo. Walikuwa wakimpelekea chakula, na mara nyingi alikataa. Miaka miwili baadaye mji ukamjengea mnara. Mwaka 1948 kituo cha redio cha Murray kilipewa herufi za jina lake, WNBS. Lilipokuwa shamba lake leo ni eneo la chuo kikuu cha Murray.

Basi, dada yangu, tumrudie mdogo wako, maana yeye bado yupo na mlango wake bado unaweza kufunguliwa.

Kwa maelezo yako naona anatumia uga wa sumaku kati ya koili mbili. Kuna njia rahisi ya kupata dalili. Asimame kwenye banda la kuku, akazungushe koili ya kupokea polepole mkononi. Kama kuna upande ambao sauti inakufa kabisa, na akigeuza kidogo inarudi, hiyo ni dalili ya sumaku. Ikiwa ni hivyo, ndoto ya kijiji cha pili haitatimia kwa kuongeza waya. Hatua 40 ni kama mita 30. Kilomita 3 ni mara 100 ya hapo, na mchemraba wa 100 ni 1,000,000. Atahitaji kuongeza nguvu ya uga mara milioni ili kuku wa kijiji cha pili wamsikie kama wa kwenu. Akiongeza nguvu ya uga mara kumi, umbali utazidi mara mbili na kidogo tu. Najua maneno haya yatamuuma. Ayasikie kutoka kwako au kwangu sasa, kabla hajauza vifaa vya kazi ili anunue shaba.

Lakini usimwambie kwamba kifaa chake ni bure, kwa sababu si kweli. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayochaji simu bila waya na inayosoma kadi za kugusa. Ndiyo inayopeleka sauti kwenye vifaa vya wenye usikivu hafifu ndani ya kumbi, kwa waya uliozungushwa chumbani. Tena uga wa sumaku wa masafa ya chini unapenya mwamba pale redio ya kawaida inaposhindwa, ndiyo maana mifumo ya aina hii hutumika kuwasiliana na wachimbaji chini ya ardhi. Kijana aliyeisuka koili kwa waya wa feni hadi ikaongea hatua 40 ana mikono ya kazi. Ningependa aelekeze macho kwenye mambo ya karibu, mita 10, mita 30, ndani ya kisima au machimbo.

Kuhusu kuficha: kuna siri inayomsaidia na siri inayomla. Inayomsaidia ni kutokutangaza hadharani maelezo ya kitu kipya kabla hajaomba hataza, maana kilichokwisha kuwekwa wazi kinaweza kukosa sifa ya upya. Hiyo aitunze. Aandike kila jaribio kwenye daftari lenye tarehe, na kabla ya kumwonyesha mtu wa biashara waandikiane mkataba wa kutunza siri. Inayomla ni kutomwonyesha mtu hata mmoja anayejua. Kanuni ya koili mbili ina zaidi ya miaka mia, haina mwenyewe, hakuna wa kumwibia wala wa kumpa hataza yake. Kinachoweza kuwa chake ni namna mpya ya kuitumia, na namna hiyo hataijua mpaka akae na mtu mwenye macho mengine.

Kwa hiyo nendeni kwa mtu ana kwa ana. Mpelekeni kwa mhadhiri wa elektroniki au mawasiliano kwenye chuo cha ufundi kilicho jirani, mmoja tu, pamoja na lile daftari. Kwa mambo ya hataza, ofisi ya serikali ya Tanzania Bara ni BRELA na ya Kenya ni KIPI, na waombe wakueleze utaratibu kabla hamjalipa mtu wa kati yeyote. Akitaka kuhamia kwenye redio halisi asiwashe kirushio kabla ya kuuliza mamlaka ya mawasiliano kuhusu leseni. Na kama anafikiria kuziunga koili moja kwa moja na umeme wa ukutani ili zipate nguvu, mzuieni leo hii. Umeme ule unaua, na hapo anahitajika fundi umeme mwenye leseni.

Limebaki moja, na hili mimi siwezi kulipima kwa barua. Mtu aliyezama kwenye kazi anaweza kula akiwa na bisibisi mkononi, na si ugonjwa. Lakini akianza kukataa chakula mnachopika, halali usiku kadhaa mfululizo, anaamini majirani au ninyi wenyewe mnamvizia, au anasema maneno ya kukata tamaa, msingoje akamilishe mtambo. Kaeni naye, na mtu anayemheshimu, awe mjomba au fundi aliyemfundisha, ampeleke hospitali akaonane na daktari wa afya ya akili. Akisema kwamba anataka kujidhuru, mpelekeni siku hiyohiyo. Hadi hapo, endelea kugonga mlango na sahani mkononi, kisha kaa naye ale mbele yako.

Ukiwa umekaa hapo, mpe kazi hii kutoka kwangu. Acheze mlio mmoja usiobadilika kutoka kwenye simu kuingia kwenye kirushio chake. Apime kwa mita, kwenye ncha za spika ya kipokezi, volti zinazofika akiwa hatua 5, kisha 10, kisha 20, koili zikitazamana vilevile na bila kugusa kitufe cha sauti. Wewe shika daftari uandike namba, yeye asome mita. Kisha mnitumie zile namba tatu kama zilivyo, nami nitamjibu yeye mwenyewe.